Samaki Kwenye Jalada

Nyumbani kwetu Kasese, Uganda, niliitwa Daktari kabla sijajua kuandika jina langu. Baba ndiye aliyeanza. Siku waliyonipeleka kanisani kubatizwa, inasemekana nilimshika mchungaji mkono wala sikumwachia mpaka sala ikaisha, na baba akawatangazia waumini kwamba nilikuwa nampima mapigo ya moyo. Watu wakacheka, wakapiga makofi, na jambo likawa limeamuliwa. "Daktari, leta chumvi." "Daktari, fungia kuku." Nilipofika darasa la tano, kina mama wa kanisa walikuwa wananisimamisha nje baada ya ibada wakiniuliza kuhusu vikohozi vya watoto wao. Na mimi, kwa kuwa sipendi mtu aondoke na huzuni, nilikuwa nawaambia wawape maji ya uvuguvugu.

Baba alifanya kazi kiwanda cha saruji, upande wa kufunga mifuko. Babu, yaani baba yake, ndiye aliyetoka Kenya zamani, wakati mgodi wa shaba ulikuwa bado unachimbwa kule juu mlimani. Ndiyo maana kwetu tuliongea Kiswahili na majirani, Wakonzo, waliongea Lhukonzo, na sisi watoto tuliongea vyote kwa pumzi moja. Kitu cha babu kilichobaki ndani ya nyumba kilikuwa kisahani cha shaba, kidogo kama kizibo cha chupa ya soda, chenye namba na tundu. Kilining'inia kwenye msumari karibu na mlango, na mama alikifungia ufunguo wa nyumba. Hakuna aliyekitazama.

Matokeo yangu ya kidato cha nne yalitoka ya wastani. Biolojia nilipita vizuri, Kiingereza na hesabu vizuri kidogo, fizikia nilipita kama mtu anayepenya chini ya uzio wa waya. Shule ikanipa nafasi ya kidato cha tano, masomo ya sayansi, ile njia ya kwenda kusomea udaktari. Barua ya kukubali nafasi ilitakiwa irudi na sahihi ya mzazi kabla ya muhula kufunguliwa. Baba akaibandika ukutani. Hakuweka sahihi siku ile. Alisema anataka kwanza kuiangalia wiki chache.

Mimi ndiye niliyeshindwa kuiangalia.

Si kwamba niliogopa damu. Shuleni tulipopasua chura, wenzangu walisukumana kuona moyo wake, na mimi nilikuwa nimeshampa jina na kumwomba mwalimu ruhusa ya kumzika. Lakini hata hilo lingeweza kuzoeleka. Shida yangu ilikuwa nyingine. Mimi ni mtu wa kuota, tangu utotoni naota chochote: naendesha treni, nina mgahawa Mweya unaotazama viboko, nasoma habari redioni. Ndoto zote zilinijia zenyewe. Hii moja tu, ambayo watu wote waliniotea, kila nilipoiita haikuja. Nikijiona ndani ya koti la daktari, namwona mtu mwingine amesimama, mrefu zaidi, anayejua fizikia. Na nilijua nikimwambia baba hivyo, nitamvunjia kitu alichokibeba mbele za watu tangu nikiwa mchanga.

Basi nikanyamaza, na katika kunyamaza huko shangazi akaumia mguu.

Shangazi ni dada wa baba. Aliolewa Bwera, na kazi yake ni samaki wa chumvi: anawachukua Kasenyi ziwani, anawauza Mpondwe mpakani, ambako Wakongo wanavuka siku za soko. Alikanyaga msumari wa sanduku la samaki, na kwa sababu ana ugonjwa wa sukari kidonda kikakataa kufunga. Kila Jumanne ilibidi aende kituo cha afya kikaoshwe. Alihitaji mtu wa kumshika mkono.

"Nenda wewe," baba akaniambia. "Utakaa hospitali kila wiki, utaona kazi kwa macho. Utarudi hapa na hamu, utaniambia."

Barua ikabaki ukutani. Nikaenda Bwera na mfuko wangu mmoja.

Kituo kile hakikuwa kikubwa. Kulikuwa na veranda ndefu yenye mabenchi, vyumba vinafuatana, na mbele ya chumba cha kwanza meza ya mbao. Kwetu mgonjwa anakuja na daftari lake mwenyewe, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Sisi tunaliita buku. Ndani yake musawo anaandika unaumwa nini na upewe dawa gani, na wewe unalitunza nyumbani mpaka ugonjwa mwingine. Ukifika unaliweka mezani juu ya mengine, unakaa, unangoja kuitwa.

Musawo ni mtu yeyote mwenye koti jeupe. Anayepima, anayechoma sindano, anayegawa dawa, wote ni musawo. Ndiyo maana nilikua nikifikiri hospitali ni daktari mmoja na watu wanaomngojea.

Mwenye amri pale, lakini, alikuwa mlinzi. Alishawahi kuwa jeshini na mdomo wake haujastaafu.

"Buku mezani, mutu benchi," aliimba tangu asubuhi. "Wewe mama, rudisha mguu ndani. Iko njia hapa."

"Mguu ndiyo mgonjwa, afande," shangazi akamjibu.

"Basi ipandishe benchi nayo. Mimi sikukataza."

Jumanne ya kwanza nilikaa kimya. Ya pili nikaanza kuuliza maswali, na mtu akinijibu swali moja kwa upole nina mengine kumi. Dada wa maabara aliniruhusu nichungulie kwenye hadubini, nikaona malaria, vijiduara vidogo kama pete za mdoli. Jioni nikamwambia shangazi kwamba nimepata kazi yangu, nitakuwa mtu wa maabara. Wiki iliyofuata nilikutana na nesi wa chanjo, anayepanda milima juu ya bodaboda na sanduku la barafu begani, watoto wanamkimbia na mama zao wanamkimbilia. Nikawa nesi wa chanjo. Kisha nikampenda fundi wa plasta, mzee wa vichekesho aliyefunga mikono iliyovunjika huku akimwambia mgonjwa kwamba yeye alianza kwa kupiga plasta kuta za nyumba, asiwe na wasiwasi. Kazi ya kung'oa meno niliifikiria asubuhi moja tu, mpaka saa nne, niliposikia mlio kutoka chumba cha mwisho.

"Wiki iliyopita ulikuwa unachanja," shangazi alisema akiwa amenyoosha mguu juu ya kigoda. "Leo unafunga mifupa. Udaktari wa kaka yangu umeuacha kituo gani?"

Nikajifanya natafuta chumvi. Yeye mwenyewe hakuniuliza tena. Lakini kila mmoja wa wale watu nilimuuliza alisomea wapi, na hakuna aliyesema alianza kwa udaktari. Wengine walitoka kidato cha nne kama mimi, wakasoma miaka miwili, mitatu, wakavaa koti. Hilo niliondoka nalo kila Jumanne kama mtu aliyepewa nyongeza ya samaki bila kuomba.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Kwa Wakonzo mtoto anapata jina kwa zamu ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na wavulana vivyo hivyo, nyumba zote, mlima wote. Lipo pia jina la ubatizo, lakini kituoni watu wanasema lile la zamu, ndilo wanaloitwa. Shangazi alipoolewa, wakwe zake walimuuliza yeye ni wa ngapi kwao. Alipowaambia ni wa kwanza wakampa jina la binti wa kwanza, na alilipenda kuliko la kwake. Kwa hiyo musawo wa dawa akisimama dirishani na kuita jina hilo, wanawake watatu wanne wananyanyuka pamoja. Hapo wanaulizana wenyewe, wewe wa wapi, mimi wa sokoni, mimi wa Nyakiyumbu, na mwenye buku anajulikana. Ni desturi tu, hakuna aliyeiandika.

Jumanne moja mimi nilikuwa dirishani na akili yangu iko kwa fundi wa plasta, ambaye alikuwa ananieleza namna ya kulowesha bandeji. Jina likaitwa. Nikanyoosha mkono, nikasema "Niko hapa," nikapokea daftari na pakiti ya dawa, nikamwinua shangazi tukaenda. Hakuna aliyeniuliza wa wapi, kwa sababu nilijibu haraka kama mwenye haki.

Tulifika nyumbani kama saa nane. Shangazi akalala kidogo, akaamka, akaniambia nimsomee musawo ameandika nini kuhusu kidonda.

Nikafungua. "Umri, miaka ishirini na nne," nikasoma.

"Rudia hapo."

"Ishirini na nne. Mimba ya miezi saba. Kichwa kinauma."

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. "Mchungaji wenu mwambie aombee. Mimba ya miezi saba na mimi sijaiona." Alifuta machozi kwa kanga. "Soma tena, inaburudisha."

Lakini mimi nilikuwa nimefungua pakiti. Vidonge vya ndani vilikuwa vyekundu, vile vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito. Vya shangazi ni vyeupe, vya kushusha sukari, na Jumanne ya kwanza nesi alishamwonya mbele yangu: ukimeza hivi tumbo likiwa tupu, utaanguka. Na shangazi ni mtu mwenye sukari ya kushushwa. Mahali fulani kulikuwa na mwanamke mwenye mtoto tumboni, ana vidonge vya shangazi mkononi, na kichwa kinamuuma.

Shangazi aliniangalia usoni, akaacha kucheka. "Vaa viatu," akasema.

Ndani ya jalada kulikuwa na jina la kijiji, upande wa Nyakiyumbu. Nilipata bodaboda njia panda. Nilipomwambia dereva namtafuta nani, akageuka kunitazama.

"Dada, jina hilo kila nyumba iko nalo. Hata bibi yangu. Hata mutoto yangu."

"Mwenye mimba kubwa."

"Sasa umepunguza kidogo."

Tulipita mashamba ya kahawa na mihogo, naye anauliza kila tunayemkuta, na kila anayeulizwa ananyoosha kidole upande wake. Nyumba ya kwanza alikuwa msichana wa shule. Ya pili alikuwa kikongwe, akafurahi sana kutafutwa, ikawa kazi kumuaga. Mimi nyuma ya pikipiki nilikuwa naomba kimoyomoyo, sala fupi ile ile, asiwe amemeza, asiwe amemeza.

Ya tatu alikuwa ndiye. Alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko anamenya mihogo, tumbo limembana, na dawa ya shangazi iko juu ya dirisha pamoja na daftari la shangazi. Nikashuka kabla pikipiki haijasimama vizuri.

"Mama, dawa umemeza?"

"Bado. Balisema kisha kula. Mihogo haijaiva." Akanitazama kuanzia viatu. "Wewe iko musawo?"

"Hapana. Mimi ndiye mwenye kosa."

Nikamweleza. Alisikiliza huku kisu kinaendelea. Kisha akasema aliona vidonge ni vyeupe, na vya wiki iliyopita vilikuwa vyekundu, lakini akafikiri labda vyeupe ni vya kichwa. Kusoma hakujui, na buku lilikuwa sawa na lake, rangi ileile, mstari uleule. Aliitwa, akapewa, akaenda. "Miye nani nikatae kitu ya musawo?" akauliza, si kwa hasira.

Nilimpa daftari lake na vidonge vyake, nikachukua vya shangazi. Akanilazimisha kukaa mpaka mihogo ikaiva, mimi na dereva, na tukala naye. Alisema nimekuja mbio kwa ajili ya mtoto wake, siwezi kuondoka na njaa. Nililia kidogo ndani ya mihogo. Dereva akasogeza sahani yake upande mwingine ili nisilie ndani ya yake pia.

Jumanne iliyofuata shangazi alisema tunyamaze, hakuna aliyekufa. Sikuweza. Nikamwambia musawo wa dawa. Alivuta pumzi, akafunga dirisha, akanipeleka chumba cha nyuma kabisa ambacho mlango wake sikuwahi kuuona wazi. Ndani kulikuwa na rafu mpaka juu, rejista kubwa zilizoshonwa mgongo, na mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa na uzi. Yeye hakuwa na koti. Alivaa sweta.

Mzee alisikiliza yote bila kunikatiza. Kisha akafungua rejista ya Jumanne iliyopita, akazungusha ukurasa uniangalie. Nikaanza kuhesabu jina la binti wa kwanza, nikaacha.

"Wewe ulikimbia mpaka Nyakiyumbu," alisema. "Wengine hatujui kama walikimbiliwa."

"Sasa mzee unawatofautishaje?"

"Jina la mama yake. Kijiji. Namba." Akagonga kila kimoja kwa kucha. "Mtu wawili wanaweza kuwa na jina moja, kijiji kimoja, umri moja. Mama ni wengine. Lakini mimi niko huku nyuma, na kosa linafanyika kule mbele. Kule wanaangalia jalada."

Hapo ndipo nilisema bila kufikiri, kama ninavyosema vitu vingi, kwamba basi jalada lisifanane. Nimchoree shangazi samaki. Mwenye kusoma atasoma, asiyejua kusoma atamjua samaki wake.

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa sweta, akaivaa. Akafungua droo akanipa kalamu nene nyeusi.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kukaa kwenye meza ya mbao, karibu na afande. Mtu akiweka daftari, namuuliza nimchoree nini. Shangazi akawa wa kwanza, akapata samaki wake. Yule mama wa Nyakiyumbu, aliporudi, akataka mhogo, na tukacheka sisi wawili tu. Kijana mmoja akataka pikipiki yenye tairi tatu, nikamwambia kwa siku moja siwezi. Mzee mwenye shamba linalopakana na mbuga akakataa kila kitu, kisha akasema, "Chora tembo. Alikula mahindi yangu yote, angalau anibebee buku." Watu walianza kuja mapema ili wapate picha nzuri. Musawo wa dawa akawa anaita dirishani jina, halafu anaongeza, "wa samaki," na mtu mmoja tu ananyanyuka.

"Hii imekuwa mbuga ya wanyama," afande alisema. Siku ya pili alileta daftari lake mwenyewe, akasema simba, na haraka.

Lakini mzee wa rejista hakuniacha nifurahie sana. Aliniita akanionyesha kwamba picha inasaidia hapa tu. Mgonjwa akipelekwa hospitali kubwa, nani kule anamjua mama wa mhogo? Kwa hiyo chini ya kila picha nikawa naandika namba yake kutoka kwenye rejista, na jina la mama mzazi. Alinifundisha kutafuta mtu wa mwaka uliopita kwa kufuata kijiji kwanza, kwa sababu ukifuata jina utazeeka. Alinifundisha kutofuta kosa, bali kulikatia mstari mmoja ili lisomeke. Nilipompata kwa mara ya kwanza mgonjwa aliyepotea, mtoto aliyeandikwa chini ya jina la bibi yake, na nesi akaona kwamba dawa fulani ilishamdhuru zamani, nilikaa kwenye kile chumba chenye harufu ya karatasi nikahisi jambo geni. Nilikuwa siioti kazi hii. Nilikuwa ndani yake.

"Hii inasomewa?" nikamuuliza.

"Inasomewa. Rekodi za hospitali. Kidato cha nne inatosha kuanza, kama hesabu na Kiingereza ulipita." Akatafuta kwenye rafu, akanipa fomu ya chuo iliyokunjwa pembe. "Watu hawaijui. Mimi nilipokwenda kusoma, mke wangu alifikiri nakwenda kuuza kaseti."

Fomu nayo ilikuwa na mstari wa sahihi ya mzazi.

Kidonda cha shangazi kilifunga, na mimi nikarudi Kasese wiki ya mwisho kabla ya shule. Barua ilikuwa bado ukutani, imeanza kujikunja kwa joto. Fomu niliilaza ndani ya daftari langu, na siku tatu nikawa nafungua daftari na kulifunga. Jumapili baada ya chakula baba alikaa nje kwenye kiti chake, viatu vya kazi vimeoshwa vinakauka, akasema, "Haya Daktari, sahihi hiyo tuiweke leo. Kesho nakupeleka shule."

Nikaanza na hadithi ya shangazi kuwa na mimba. Alicheka sana, akamwita mama aje asikie. Nilipofika kwa yule mama na mihogo, kicheko kikaisha.

"Na kama angemeza?"

"Ndiyo, baba."

Kisha nikamweleza chumba cha nyuma, rejista, picha, namba. Nikatoa fomu. Maneno niliyokuwa nimeyapanga yote yakanitoka kichwani, nikabaki na neno moja: "Baba, kidato cha tano sitaki. Nataka hii."

Alisoma fomu polepole, mpaka nyuma ambako hakuna kitu.

"Kwa hiyo utakuwa karani," alisema.

"Wa hospitali."

"Karani ni karani." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Aliiweka fomu juu ya kiti, akaingia ndani. Mama aliniambia kwa jicho nisimfuate. Nikakaa pale nikiwatazama kuku, na nilijua huko ndani anaiangalia barua.

Alikaa muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameshika ufunguo wa nyumba, nikafikiri anaondoka. Akakaa. Akaanza kukifungua kile kisahani cha shaba kutoka kwenye kamba.

Hadithi ya kisahani tuliijua wote. Kila mchimbaji akiingia mgodini alitundika kisahani chenye namba yake ubaoni, akitoka anakichukua. Baba alipokuwa mdogo alipeleka chakula cha babu na kumngoja nje. Siku moja babu aliteguka kifundo cha mguu huko chini, akachelewa, akatolewa amebebwa. Baba alizoea kuisimulia kwa ajili ya babu, jinsi alivyotoka anatania kwamba amepanda teksi.

Siku hiyo aliisimulia kwa ajili ya mtu mwingine.

"Palikuwa na mzee wa ubao," alisema, kisahani kikiwa kiganjani. "Zamu iliisha. Watu wakanawa, wakaenda. Msimamizi akasema wote wametoka, funga. Yule mzee akasema, hapa kuna namba moja bado. Wakamwambia labda amesahau kuichukua, amekwenda nyumbani. Akasema, mtoto wake yuko hapa na chakula. Akakaa chini mbele ya ubao. Akasema hafungi mpaka washuke wamtafute." Baba aligeuza kisahani upande wa pili. "Hakuwa injinia. Sijui hata kama alisoma. Jina lake silijui mpaka leo."

Mama alikuwa ameacha kuosha sufuria.

"Kanisani utawaambia mwenyewe," baba akasema. "Mimi siwezi. Nilishawapigisha makofi."

"Nitawaambia."

"Na vile vikohozi?"

"Nitawaambia waende na buku."

Alichukua fomu, akaiweka juu ya goti, akaipapasa ikanyooka. "Daktari, leta kalamu," akasema. Jina lilitoka lenyewe. Hakulirekebisha. Nikaenda nikaleta kalamu.

Sahihi yake ilitoka nje ya mstari, vidole vyake ni vinene na kalamu ilikuwa nyembamba. Alipomaliza hakunirudishia fomu hapo hapo. Alinyoosha mkono ndani ya dirisha akatoa daftari lake la kliniki, la kikohozi, jalada la kijani lisilo na kitu, akanipa vyote viwili.

"Mimi nichoree jogoo."

"Baba, jogoo Bwera wako watatu tayari."

Akafikiri, kwa uzito kabisa, akitazama kuku wetu uani.

"Basi awe anacheka," akasema.

Sijui jogoo anachekaje. Nilimchora.